Bibi Zimamoto wa Bondeni

Alipoingia nyumbani kwa mtu, alitazama dari kwanza ndipo akaamkia. Wageni walidhani ana kiburi. Sisi majirani zake wa Bondeni tulijua anatafuta nyaya za umeme zilizotafunwa na panya. Akishamalizana na dari aligeukia madirisha, kisha mlango, halafu akauliza, kwa sauti ile ile ambayo watu wengine huulizia hali ya watoto, "Na mlango wa pili uko wapi?"

Nyumba nyingi za kwetu hazina mlango wa pili. Akijibiwa hivyo alivuta kigoda mpaka kizingitini, na hapo ndipo alipokula, hata kama umemwandalia wali wa Kyela na samaki wa ziwani. Harusini ilikuwa hivyo hivyo. Ukitaka kumpata ukumbini usihangaike na viti vya mbele alivyotengewa, nenda mlangoni.

Mimi ni fundi cherehani. Duka lake la vitenge na kibanda changu cha kushonea vilitenganishwa na bati moja tu, kwa hiyo nilimsikia hata alipokuwa akizungumza peke yake. Nimemjua muda mrefu kiasi cha kumwita kwa majina matatu. Tulianza na Dada Zimamoto. Baadaye akawa Mama Zimamoto, ingawa hakujaliwa mtoto. Siku hizi watu wakimtaja husema Bibi Zimamoto, kwa heshima, lakini mwanzoni jina lilikuwa la kejeli, na anayeijua Kyela ataelewa kwa nini. Kwetu mvua hainyamazi. Tukilala inanyesha, tukiamka inanyesha, na masika ikikolea kuku hupanda mezani. Mto unaobeba madaraja tunao, mafuriko yanayolala na mpunga tunayo. Sasa mwanamke mzima anayezunguka mjini na mwavuli akihubiri habari za moto, ungemwitaje?

"Moto hauogopi masika," alikuwa akijibu. "Unaingia ndani kujikinga mvua kama wewe."

Alikuwa na sababu, ambayo mwenyewe hakupenda kuisimulia. Nitaisimulia mimi, kwa kuwa nilikuwepo.

Wakati huo alikuwa msichana wa dukani kwa baba yake, mfanyabiashara aliyekuwa akivuka Kasumulu kwenda Malawi na kurudi, mtu wa uwezo, wa kwanza mtaani kwetu kuwa na pikiapu. Nyuma ya duka kulikuwa na mstari wa vibanda vya mbao: wauza dagaa, kinyozi, muuza chapati, na fundi viatu mmoja mzee aliyemshonea binti huyo viatu vya shule tangu darasa la kwanza. Alasiri moja jiko la muuza chapati lilipinduka. Mvua ilikuwa imekatika muda si mrefu. Mtaro ulijaa hadi juu, maji yalitufika vifundoni pale pale tuliposimama, na vibanda vikaungua mbele yetu kimoja baada ya kingine. Kila mtu alikuwa anakimbia. Mwenye ndoo hakuwa mtaroni, aliyekuwa mtaroni hakuwa na ndoo, na wachache waliokuwa na vyote viwili walimwagia maji moshi. Fundi viatu alishatoka, tena mzima. Akakumbuka mashine yake ya kushonea ngozi, akarudi ndani. Hatukumwona tena.

Msichana yule alikaa siku kadhaa bila kusema neno. Mimi nilikuwa ndiyo kwanza najifunza cherehani, na alipofungua kinywa alinifungulia mimi.

"Yule mzee amekufa akiwa amezungukwa na maji," alisema. "Maji mengi si maji ya kutosha. Maji ya kutosha ni yale yaliyofika."

Sentensi hiyo nimeisikia baadaye mara nyingi, kwenye mikutano, kwenye mazoezi, hata msibani. Lakini siku ile haikuwa msemo.

Muda mfupi baadaye baba yake akamtuma Dar es Salaam kununua vitenge. Ilikuwa safari ya wiki moja. Alirudi baada ya zaidi ya mwaka.

Yaliyotokea huko tunayajua kwa kinywa chake tu, na kinywa chake kilikuwa na mapambo. Mara mkuu wa kituo cha zimamoto alimcheka mpaka chai ikamtoka puani. Mara alimkaribisha kiti na kumsikiliza kama hakimu. Yasiyobadilika ni haya. Alikwenda kituoni asubuhi, akaambiwa hakuna nafasi ya kazi. Akasema hataki kazi, anataka kujua. Kesho yake akarudi, na kesho yake tena. Mwishowe, ili akae mahali, wakampa mipira ya maji aifue na kuianika, ile mipira mizito ya turubai ambayo ikilowa inamshinda mtu mzima. Aliifua mpaka vidole vikamchubuka. Akiifua alisikiliza, na alichosikia alikiuliza. Siku moja kwenye mazoezi ya ngazi walipungukiwa mtu.

"Nilipanda nimevaa kitenge juu ya suruali," alikuwa akisimulia. "Nikashuka na suruali tu. Kitenge kilibaki ghorofani kwenye msumari, mpaka leo."

Siku aliporudi Kyela nilikuwa kibandani, na bati lile halikunificha neno.

"Nilikutuma vitenge," baba yake alisema.

"Nimeleta mzigo, baba."

Nikasikia kamba zikifunguliwa. Kisha nikamsikia mzee akiuliza polepole, kama anayeogopa kumshtua nyoka, "Hivi ni nini?"

"Mipira ya maji. Imechakaa kidogo, wamenipa. Ukiiziba inafaa."

Mzee hakumfukuza, na hilo lilimshangaza kila mtu. Nadhani naye alikuwa akimkumbuka fundi viatu. Alimwambia tu kwamba vitenge vilivyokosekana atavifidia kwa jasho lake, na akavifidia, maana kwa biashara alikuwa na mkono mzuri. Kwa maisha yake yote faida ya vitenge iliishia kwenye mipira, ndoo na pampu.

Jeshi lake alilianzia kanisani. Alimwendea mwalimu wa kwaya, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akamwomba ampe wanakwaya wake kila Jumamosi.

"Kwa nini kwaya?" mwalimu akauliza. "Si uwachukue wabeba mizigo, wana nguvu."

"Wabeba mizigo kila mmoja ni bosi wa mgongo wake. Wako ndio watu pekee mjini hapa wanaoanza pamoja na kuacha pamoja."

Mwalimu alifurahi kiasi kwamba akajiunga mwenyewe. Baada ya kwaya wakaja vijana wa baiskeli, wanaobeba abiria na magunia, kwa sababu wanazijua njia zote za mkato. Kisha wakaja wafanyabiashara wa sukari na samaki wenye ndugu ng'ambo ya mto Songwe, upande wa Malawi, wengi wao Waislamu, na yakazuka mabishano kidogo kama mazoezi yaanze kwa sala ya nani. Aliyamaliza kwa kusema kila mtu asali akiwa njiani kuja, ili wakifika kazi ianze. Pampu ilikuwa ile ya kumwagilia mashamba, akaifunga juu ya mkokoteni na kuupaka rangi nyekundu. Kengele ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa mbele ya duka.

Mazoezi ya kwanza yalikuwa sinema ya bure. Alichoma lundo la pumba za mpunga uwanjani, watu wakajipanga, pampu ikawashwa. Hakuna aliyekuwa amemwambia mwimbaji wetu wa besi kwamba mpira ukijaa maji unakuwa na akili zake. Ulimzungusha, ukamwangusha mtaroni, kisha ukawageukia watazamaji. Mji mzima ulirudi nyumbani umelowa. Yeye hakucheka wala hakukasirika. Alimtoa yule bwana mtaroni, akamfuta tope usoni kwa khanga yake, akasema, "Umetufundisha. Kuanzia leo mpira unashikwa na wawili."

Kicheko kilikatika siku mashine ya kukoboa mpunga iliposhika moto. Pumba zilikuwa zimeungua chinichini, kimyakimya, na zilipotoa mwali, upande wa pili wa ukuta kulikuwa na magunia ya mavuno ya watu wa Bondeni na wa Bujonde, chakula na ada za mwaka mzima. Rimu ikagongwa. Kwaya ilikuja na majoho ya mazoezi. Sikumbuki mengi ya siku ile kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa kwenye mstari wa ndoo zilizojaa, uliotazamana na ule wa ndoo tupu, na macho yalikuwa yananiwasha, lakini nakumbuka sauti yake ikitaja neno moja, "Pokea, pokea, pokea," bila kupanda wala kushuka, na mikono yetu ikaifuata kama tunavyomfuata mwalimu wa kwaya. Ukuta ulisimama. Magunia yalitoka na harufu ya moshi tu, na wali wa mwaka ule tuliula ukiwa na ladha ya jikoni kwa bibi.

Mwenye mashine alimletea gunia la mchele kushukuru. Alilikataa. "Wapelekee wanakwaya," alisema. "Mimi nitauunguza."

Hakuwa anatania. Mwanamke aliyezima mioto ya watu hakuweza kupika wali bila kuuunguza. Kuunguza wali wa Kyela, kwa watu wa kwetu, ni jambo linaloweza kuvunja ndoa, na yake ilivunjika, ingawa alisema sababu zilikuwa nyingine. Shida ni kwamba akiwa anapika alikuwa akiwaza. Mara kwa mara moshi ulipita juu ya bati letu, nami nikaita, "Dada, chungu!" Akajibu, "Nimeuona, nauangalia unavyopanda."

Ziwa nalo alikuwa haliwezi. Tulikwenda Matema na kwaya wakati wa Pasaka, watu wazima wakaingia majini kama watoto. Yeye alikunja sketi, akafika kwenye vifundo, akasimama hapo akiyatazama mawimbi kwa shaka, kama mtu anayekutana na mkubwa wake wa kazi nje ya ofisi. Hakujua kuogelea, na hakutaka kujifunza. "Maji nayajua yakiwa kwenye ndoo," alisema. "Haya hayana mtu anayeyashika."

Na alikuwa na majivuno, lazima niliseme hilo, maana mazishi mengi ya kwetu humfanya marehemu mnyenyekevu, na sitaki siku yake ikifika waanze kumsingizia. Sare yake nimeishona mimi. Bluu iliyokolea, mistari ya njano mikononi, vifungo vya shaba alivyovitafuta mpaka Mbeya. Alitaka na mabega yenye nyota. Nikamuuliza, "Dada, mabega haya yanazima nini?"

"Yanazima maswali," akasema.

Ikawa kweli. Akiwa na kitenge mabwana walibishana naye kama wabomoe ukuta au la. Akiwa na mabega waliuliza wabomoe kuanzia upande gani. Alipenda pia kupigwa picha. Baada ya moto alikuwa akinawa uso vizuri kwa sabuni, halafu mpiga picha akifika anachovya kidole kwenye masizi na kujipaka kidogo shavuni, upande wa kushoto, ambao aliamini ndio mzuri. Nilimcheka waziwazi, naye alinivumilia.

Sasa nifike kwa mdogo wake.

Baba yao alipofariki, duka la vitenge lilibaki kwa dada na ghala la nyuma likaenda kwa mdogo wake wa kiume, mtu mchangamfu, mwenye marafiki kila kona. Akaanza kuuza petroli humo. Aliileta kwa madumu na kuipima kwenye chupa za maji ya kunywa, akazipanga kwenye meza barabarani, na vijana wa bodaboda wakajazana. Dada alimwendea. Kwanza alimwomba, kisha akamwonya, kisha wakaacha kusalimiana vizuri.

"Mjini pote wanauza," mdogo wake alisema. "Mbona huendi kwao?"

"Nakwenda kwao pia. Lakini wao wako mbali, silali nikiwasikia wakikohoa kama nikusikiavyo wewe."

Ilikuwa Jumapili, watu wametoka ibadani na bado wamesimama barabarani wakipeana mikono. Tulisikia mlio kama wa mlango mzito unaofungwa, kisha paa la ghala likafuka. Mdogo wake hakuwa ndani, Mungu ni mwema. Lakini ghala lile liliegemeana na nyumba ya mama mmoja muuza maandazi, na mama yule alikuwa amejifungua siku chache nyuma, amelala chumba cha ukutani na kichanga chake.

Mkokoteni ulifika haraka. Mpira wenye nguvu ya kufika mbali ulikuwa mmoja. Mdogo wake alikuja akikimbia na suti ya kanisani, akaushika mpira kwa mikono miwili. "Dada, ghala! Mwaga ghalani, bado upande huu mzima."

Dada alimtazama. Sisi sote tulimwona akimtazama. Kisha akasema, "Ukuta wa mama," na mwimbaji wa besi na mwenzake wakaugeuza mpira. Maji yakapigwa kwenye ukuta wa jirani, yeye akachukua shoka, akang'oa fremu ya dirisha la nyuma, akaingia na kumtoa mama na kichanga, mmoja baada ya mwingine, kupitia hapo. Ghala la baba yao likaungua mpaka chini. Humo mlikuwa na mali yote ya mdogo wake, meza ya kukatia vitenge ya mzee, na kiti chake.

Waliposimama kwenye majivu, mdogo wake hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga.

"Ulikuwa na maji," alisema. "Ukampa mtu baki."

"Ghala lako lilikuwa limeshakufa, mdogo wangu. Yule alikuwa hai."

"Basi nenda ukawe dada yake."

Dada alikuja kibandani kwangu, akaketi kwenye kiti cha wateja. Kifungo kimoja cha koti kilikuwa kimekatika dirishani. Alinipa koti nishone kingine. Nilishona polepole kuliko inavyohitajika. Hatimaye akasema, "Kwenye ile meza ndipo baba alinifundisha kukata kitenge bila kupinda." Akavaa koti lake akaondoka.

Mama wa maandazi alimpa mtoto wake jina la dada, na kila Jumapili alileta kikapu mlangoni. Lakini mdogo wake alihamia Talatala kwenye shamba la kakao la mama yao, na kwa miaka mingi ndugu hao wawili hawakuzungumza. Wakikutana sokoni mdogo alipita upande wa pili wa barabara. Dada hakujitetea kwa mtu yeyote. Alipoulizwa kama anajuta, alisema ameshawahi kujaribu kujuta na imemshinda, na kwamba hilo ndilo linalomuuma.

Nadhani hiyo ni sehemu ya sababu alikubali kwenda Karonga, upande wa Malawi. Wafanyabiashara wa kule walikuwa wamesikia habari zake kwa ndugu zao wa Bondeni. Walivuka mpaka na kumwomba aende awafundishe watu wa soko lao. Walimpendekezea waende kwa boti; alisema atakwenda kwa gari au hatakwenda. Alidhani atakaa mwezi mmoja. Akakaa miaka. Kule wanasema Kingonde, ambacho ni ndugu wa Kinyakyusa chetu, kwa hiyo amri zake zilieleweka tangu siku ya kwanza, na waliokuwa hawamwelewi waliyaelewa mabega. Wazee wa msikiti walimwekea kiti siku ya Idi, naye akaenda amejifunga ushungi vizuri. Jumapili akaenda kanisani kwake, na hakuna aliyeona ajabu. Akija likizo aliniletea habari kwa kishindo kile kile. "Fundi, wananiita mama wa mji," alisema. "Mji mzima. Hapa mnaniita nini?" Nikamwambia hapa tunamwita jirani. Akacheka mpaka akakohoa.

Kukohoa huko hakukuisha. Moshi wa miaka yote ulikuwa umemlala kifuani. Alirudi Bondeni akiwa mzee, nywele amezinyoa, sare imempwaya. Vijana aliowafundisha walikuwa wameshika mambo, na wengine walikuwa wamefundisha wengine mpaka vijijini. Mwaka jana alizidiwa, akawa halali ila ameketi. Hapo nikampigia simu mdogo wake. Sikumwambia dada.

Alikuja na pikiapu wiki moja baadaye, naye ameota mvi. Alisimama mlangoni akimtazama dada yake aliyeinamia mto. "Mugonile," akamwamkia kwa Kinyakyusa, kwa heshima, kama mtu anayemwamkia mkubwa wake.

Dada akainua uso. "Bado unauza petroli?"

"Nauza kakao, dada. Haiwaki."

"Ikikauka inawaka."

"Basi njoo uiangalie," akasema, akaanza kukusanya vitu vyake.

Sikuwepo walipofika Talatala, ila mdogo wake alinisimulia. Alikuwa amemwandalia chumba. Dada aliingia, akatazama dari, akatazama dirisha, na kabla hajauliza, mdogo wake akasogeza pazia upande wa pili. Alikuwa ametoboa ukuta wiki ile na kuweka mlango. Dada aliufungua na kuufunga, akaukagua bawaba. Akasema unakwaruza chini, urandwe. Hayo ndiyo maongezi yote waliyofanya kuhusu mambo ya nyuma, na mdogo wake aliniambia yalimtosha.

Nilikwenda kumtembelea baada ya mavuno ya mpunga. Nilimkuta barazani na khanga mabegani, mdogo wake akimmenyea ndizi. Nilimpelekea gauni nililomshonea, lenye nafasi kifuani. Alikuwa dhaifu lakini mdomo mzima. Kule Talatala hawamfahamu sana. Wanaomwona barazani wanajua ni dada wa mzee wa kakao anayeumwa kifua, basi.

Tulikuwa tunakunywa chai tulipoona moshi. Mtu alikuwa amechoma mabua shambani, upepo ukageuka, na banda la nyasi la kukaushia kakao, nyumba ya tatu kutoka tulipo, likashika moto. Bibi akaweka kikombe chini na kushika mikono ya kiti. Mdogo wake akamwekea mkono begani.

"Kaa, dada."

Hakuwa na nguvu ya kubishana. Akakaa, na sisi tukakaa naye, tukatazama.

Hakuna aliyekimbia ovyo. Wanawake waliokuwa wakipepeta mpunga waliacha nyungo zao, wakashika ndoo na mabeseni, na kutoka kijitoni hadi bandani wakajipanga mistari miwili inayotazamana: mmoja wa kupandisha ndoo zilizojaa, mmoja wa kurudisha zilizo tupu. Hivyo hivyo Bibi alivyotupanga sisi uwanjani wakati ule. Mwanamke mmoja kijana, mwembamba, mtandio umefungwa kiunoni, alisimama mbele akiita, sauti moja, haipandi wala haishuki. Wawili wengine walipanda paa la banda la jirani ambalo halijaungua wakaanza kuling'oa nyasi. Nilimsikia Bibi karibu yangu akinong'ona, "Upande wa upepo. Upande wa upepo kwanza." Na kama waliomsikia, wakahamia upande wa upepo.

Banda lilikwenda nusu. Mengine yote yalibaki.

Yule mwanamke kijana alipita barazani baadaye kuomba maji ya kunywa. Alikuwa ameolewa pale, kwao ni Bujonde. Akapiga goti kidogo. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mmefanya kazi." Bibi alivuta pumzi, akaikusanya. "Hiyo mistari miwili, nani aliwafundisha?"

Yule binti akamtazama kama mtu aliyeulizwa nani alimfundisha kutembea. "Hatukufundishwa, bibi," alisema kwa upole. "Ndivyo moto unavyozimwa."

Nilifungua kinywa. Mdogo wake naye alifungua chake. Bibi alininyamazisha kwa kunishika goti, na kidole cha mkono wa pili akamwinulia mdogo wake.

"Ni kweli," akamwambia binti. "Ndivyo unavyozimwa. Ndaga, asante, mwanangu. Kanawe uso, moshi usikukae machoni."

Binti akarudisha kikombe, akashukuru, akaenda zake. Tulimsikia huko nje akicheka na wenzake. Bibi aliitazama njia aliyopita. Kisha akanigeukia.

"Fundi, umesikia alivyosema?"

"Nimesikia, dada."

"Hebu rudia."

Nikarudia.